Hapana, vitanzi vinne havimalizi foleni

Wiki hii nimetumiwa tena ile picha. Mnaijua: imepigwa kutoka angani, barabara kuu mbili zinapishana, na kila kona ina kitanzi cha mviringo chenye nyasi katikati, pambo tupu. Chini yake maneno yaleyale: "Wahandisi, kwa nini hamjengi hivi kila mahali? Hakuna taa, hakuna gari linalokatana na jingine, foleni kwisha." Nimejibu kwa upole miaka mingi. Leo upole umeniishia.

Hayo ni makutano ya majani manne. Historia yake haraka haraka: Arthur Hale, mhandisi wa Maryland, Marekani, alipewa hataza (haki ya mvumbuzi) ya mpangilio huu mwaka 1916, na mwaka 1929 yakafunguliwa makutano ya namna hii ya Woodbridge, New Jersey. Kwa wakati ule ulikuwa ujanja wa kweli. Daraja moja tu, na kila gari linakwenda litakako bila kusimama. Anayetaka kukata upande wa mbali (kushoto, kwa wanaoendesha kulia, mnaoendesha kushoto geuzeni wenyewe) hakatizi mbele ya mtu. Anapita daraja kwanza, kisha anazunguka robo tatu ya duara kwa upande wa karibu mpaka anaibukia kwenye barabara ya pili.

Sasa hilo la "hakuna gari linalokatana na jingine". Tazama njia ya pembeni. Kabla ya daraja, kitanzi kimoja kinamwaga magari. Ukishapita tu daraja, kitanzi kingine kinayachukua. Katika kipande hicho kifupi, wanaoingia wanasogea kuelekea kati na wanaotoka wanasogea kuja pembeni, njia ileile, wakati uleule, kila mmoja lazima apite mbele au nyuma ya mwenzake. Sisi tunaita kusukana. Magari yanakatana, ndugu zangu! Ila hakuna taa ya kuamua nani atangulie. Ninyi mnaliita hilo uhuru. Dereva wa lori anayechomekewa ana jina lake, nami silitaji hapa.

Tena hawasukani kwa mwendo mmoja. Aliyetoka kitanzini yuko kwenye kilomita 40 kwa saa, anayemjia nyuma yuko kwenye 100. Tuseme kipande kina mita 150: hata kwa kilomita 80 kwa saa, kinakwisha ndani ya sekunde 7. Humo atazame kioo, aone mwanya, aongeze mwendo, ahame. Magari yakiwa machache anafanya bila hata kufikiri. Yakiwa mengi, mmoja anakanyaga breki, wa nyuma naye anakanyaga, na foleni inarudi nyuma hadi kwa watu waliokuwa wakienda moja kwa moja, wala hawana haja na kitanzi chochote.

"Basi panueni vitanzi." Nilijua mtasema. Kona ya kilomita 40 kwa saa inataka nusu kipenyo cha mita 50 hivi. Mwendo ukiuzidisha mara mbili, nusu kipenyo kinazidi mara nne, na zaidi kidogo, kwa sababu kwenye mwendo mkubwa haturuhusiwi kuutegemea sana msuguano wa tairi. Kitanzi cha mita 50 ni safari ya mita 235. Cha mita 200 ni karibu kilomita nzima, na ardhi inayomezwa ni mara 16. Halafu vitanzi ni vinne. Anayelipa fidia ya hiyo ardhi hayumo pichani.

Dawa zipo. Unaweza kujenga barabara ya kando inayokusanya na kugawa magari. Kusukana hakufi, kunahamia kwenye mwendo mdogo. Unaweza kubakiza vitanzi viwili vya kona zinazotazamana kwa mshazari, kisha misafara miwili iliyokosa kitanzi ukaipa taa. Ndiyo, taa, hiyohiyo mliyoikimbia. Au ufanye kama Los Angeles, ambako makutano ya ngazi nne yaliyokamilika kufunguliwa mwaka 1953 yanawapitisha wote juu kwa juu bila kitanzi hata kimoja. Andaa fedha za madaraja.

Na niseme kitu ambacho vitabu vyetu hukizungukia: hesabu za kusukana ni dhaifu. Kanuni zake katika mwongozo wa Marekani, ambao wengi duniani tunauiga, zimebadilishwa toleo baada ya toleo, na zimetokana na jinsi madereva wa kule wanavyoendesha. Nimewahi kupiga hesabu kipande kikatakiwa kukwama, kikapita salama; nimewahi pia kuona kinyume chake. Bado naandika jibu lenye nukta za desimali na kutia sahihi, uso mkavu.

Ya Woodbridge, kama mnauliza, yameshajengwa upya kwa mpangilio mwingine. Vitanzi vinne havipo. Nitumieni hiyo picha.