Kernel panic kwenye seva kongwe: soma mistari ya juu kabla hujaagiza mazabodi

Picha ninazotumiwa na mafundi wenzangu kwenye WhatsApp zinafanana. Ni za kernel panic, yaani kerneli, moyo wa Linux, imeshindwa kuendelea ikasimamisha kila kitu. Skrini nyeusi, maandishi meupe, na mstari wa mwisho ni huu:

Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init! exitcode=0x00007f00

Chini ya picha: "Maalim, seva imekufa." Mara nyengine fundi ameshamwambia mkuu wa ofisi aagize mazabodi kutoka Dar. Kwa sisi tulioko Pemba, mazabodi kutoka Dar ni kusubiri meli mpaka Mkoani, gari mpaka Chake, na muda wote huo ofisi inaandika kwa mkono. Kwa hiyo jibu langu huwa moja: nipigie picha ya mistari iliyo juu ya huo. Mstari wa panic unakwambia tu kwamba seva imesimama. Sababu imeandikwa juu yake, na kwa kawaida imeshapita mbio kabla mtu hajatia jicho.

Seva iliyonifanya niandike haya iko kwenye ofisi moja ya Chake Chake. Ni ProLiant DL380p Gen8 yenye prosesa mbili za Xeon E5-2650 v2, mashine ngumu ambayo ukiilinda na chumvi na joto inaweza kukuzika. Ilikuwa ikiendesha Linux ya familia ya Red Hat toleo la 8, haina tabu yoyote. Kijana wa IT pale, mwepesi na mwenye hamu ya kazi, akaona bora aruke moja kwa moja mpaka toleo la 10. Menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ikaja, akabonyeza Enter, ikamwaga mistari, ikaganda. Akabadilisha flashi. Akashusha upya ISO, faili la kusakinishia, na kwa bei ya bando, kushusha gigabaiti zote hizo si mchezo. Akahamisha ramu kutoka nafasi hii kwenda ile. Majibu yakawa yale yale, neno kwa neno.

Hapo ndipo pa kushika. Ramu mbovu au pawa saplai inayoyumba haina msimamo: mara seva inaanguka mwanzo wa safari, mara inakufikisha mpaka login halafu inazima, mara inagoma hata kuonyesha GRUB. Ukiona inaanguka pale pale, kwa maneno yale yale, hata baada ya kutoa nusu ya ramu, weka bisibisi chini. Programu ndiyo iliyokataa.

Sasa kuiona hiyo sababu. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, futa maneno quiet na rhgb, halafu Ctrl na X. Kerneli sasa itasema kila inachofanya badala ya kukuonyesha skrini tupu. Ikiwa mistari inakimbia mno, washa kamera ya simu kwenye video ya mwendo wa polepole kisha uitazame kipande kwa kipande. Hakuna kifaa cha kitaalamu kinachoishinda njia hii kwa bei. Wenye iLO, kile kifaa cha ndani ya seva za HP cha kuisimamia kwa mbali, iliyounganishwa na mtandao wafungue konsoli ya mbali wakae zao kwenye kiti.

Kwenye video ya yule kijana, mstari mmoja juu ya panic, ulikuwapo huu:

Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v3

Basi. Kesi imekwisha.

Tuanze na glibc. Hii ni maktaba ambayo karibu kila programu kwenye Linux inaitegemea ili ianze. Kerneli yenyewe iliamka vizuri kabisa, ikatambua ramu, ikatambua prosesa, ikafungua initramfs, kile kifurushi kidogo cha mafaili ya kuanzia, kisha ikaita programu ya kwanza, init, ile yenye namba 1. Init nayo ikaiita glibc, glibc ikaitazama prosesa, ikakataa, ikaondoka. Kerneli haina ruhusa ya kuendelea bila ya init. Ni chombo kilichopakia kila kitu halafu nahodha akashuka. Ndiyo maana inaandika kwamba kuna aliyejaribu kuiua init, ingawa hakuna aliyeiua, imejiondokea.

Hata ile namba ya mwisho ina maneno. Katika 0x00007f00, 7f kwa hesabu ya kawaida ni 127, na hiyo ndiyo namba ambayo glibc huiacha ikishindwa namna hii. Ukiona 0x0000000b, hiyo ni 11, yaani init imegusa kumbukumbu isiyo yake, na hapo nitaanza kushuku faili lililoharibika au ramu. Ukiona 0x00000007, mimi huenda moja kwa moja kwenye diski, kwa sababu aghlabu ina maana kwamba programu ilikuwa inasomwa kutoka diskini na usomaji ukakatika katikati. Mafundi wengi wanaikata namba hii wanapopiga picha, nayo ndiyo yenye faida.

Ama x86-64-v3, hicho ni kiwango. Prosesa za biti 64 za aina hii zilianza 2003 na Opteron ya AMD, na kwa miaka mingi Linux iliandikwa ili iende hata kwenye ile ya mwanzo kabisa. Mwaka 2020 wataalamu wakakubaliana kuzipanga kwa madaraja. Daraja la v2 linataka maagizo kama SSE4.2 na POPCNT, ambayo kwa Intel yalikuja pamoja na Nehalem mwaka 2008. Daraja la v3 linataka AVX2 na wenzake, ambayo yalikuja na Haswell mwaka 2013, na kwenye Xeon E5 za seva yakafika 2014. Red Hat toleo la 9, la 2022, lilidai v2. Toleo la 10, lililotoka Mei 2025, linadai v3, na Rocky Linux 10, ya familia hiyo hiyo, imefuata hivyo hivyo. Faida yake ni kwamba programu zinaweza kutumia maagizo mapya ya prosesa zilizo nayo. Gharama yake inalipwa na sisi tunaoishi na seva za mtumba.

Xeon E5-2650 v2 ina AVX lakini haina AVX2, na tofauti hiyo ya tarakimu moja imewaponza wengi, maana ukitazama kwa haraka unaona avx imeandikwa na unaridhika. Pima hivi, kwenye mfumo wowote unaowaka:

lscpu | grep -wo avx2

Ikirudi kimya, v3 huna. Kwenye mfumo wenye glibc 2.33 au mpya zaidi, kwa mfano flashi ya Debian ya kuwashia bila kusakinisha, kuna jibu lililo wazi zaidi:

/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help

Mwisho wa maelezo yake utaona madaraja yote, na yale ambayo prosesa yako inayaweza yana neno supported pembeni.

Usipoteze muda kusasisha BIOS kwa ajili ya hili. AVX2 ni kitu kilichomo ndani ya kipande chenyewe cha silikoni. Wala usinunue Xeon E5 v3 ukidhani utaipachika kwenye Gen8. Soketi ya Gen8 inapokea E5 za mwanzo na v2 peke yake. V3 na v4 zinataka soketi nyengine, ile ya Gen9, ingawa idadi ya pini ni hiyo hiyo 2011 na machoni zinataka kufanana.

Nikamwuliza kijana: "Flashi umeitoa?"

"Bado Maalim, imo."

"Hebu ichomoe, uwashe."

Seva ikaamka na toleo lake la 8, data zote zimo. Kisakinishi kilikuwa kinaanguka kabla hakijaigusa diski hata kidogo, na kwa kuwa mpangilio wa kuwasha ulitanguliza flashi, kila akiizima na kuiwasha alikuwa anarudi kwenye kisakinishi kile kile. Ofisi ilikaa bila ya mfumo kwa ajili ya flashi iliyosahauliwa nyuma ya mashine. Nimecheka, lakini yeye hakucheka, na mkuu wake ndiyo kabisa.

Njia zilizobaki kwa mashine ya namna hii ni tatu. Toleo la 9, AlmaLinux au Rocky, zote za familia ya Red Hat, lina masasisho ya usalama mpaka Mei 2032. AlmaLinux 10 ina toleo la pembeni lililojengwa kwa v2. Na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, bado inaenda hata kwenye prosesa za daraja la chini kabisa. Mimi nilimchagulia AlmaLinux 9. Ile ya 10 ya v2 ni kazi nzuri ya kushukuriwa, ila ukichukua programu ya kampuni nyengine iliyojengwa kwa ajili ya Red Hat 10 ya kawaida, utaikuta inakataa kama ilivyokataa init, na ofisi yenye fundi wa kupita haihitaji mitego ya namna hiyo. Debian ningeichagua kama kijana angekuwa anaijua. Kumbadilishia mtu familia nzima ya amri kwa ajili ya seva moja ni kumtesa.

Panic ya pili ninayoiona sana huku haina uhusiano na prosesa. Inasema hivi:

VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Hizo sufuri mbili zinasema kerneli haikupewa initramfs, au imepewa iliyokatika. Chanzo kwa kawaida ni sasisho la kerneli lililokatizwa njiani, ama kwa sababu /boot, sehemu ya diski zinapokaa kerneli, imejaa, ama kwa sababu umeme umekatika na UPS ina betri ya jina tu. Tangu 2010 Pemba tunapata umeme wa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, na hali si kama enzi za majenereta ya dizeli, lakini umeme hauhitaji kukatika muda mrefu ili kuharibu faili moja. Dawa yake ni nyepesi: kwenye GRUB chagua kerneli ya zamani, ingia, tazama nafasi kwa df -h /boot, ondoa kerneli kuukuu, kisha ijenge initramfs upya kwa dracut -f --kver ikifuatiwa na jina la kerneli mpya. Wa Debian watumie update-initramfs -u -k all.

Kuna wale wanaoishia kwenye dracut:/#, alama ya kuandikia amri ndani ya initramfs, badala ya panic. Andika cat /proc/partitions. Ukiona diski hazimo kabisa, kadi ya RAID, ile inayoziunganisha diski na seva, haikutambuliwa. Tangu toleo la 8 Red Hat imeondoa draiva za kadi nyingi kongwe. Mradi wa ELRepo unazitoa kwa diski ya draiva unayoitaja wakati wa kusakinisha kwa inst.dd, na AlmaLinux imezirudisha baadhi yake tangu toleo la 9.4. Kadi haijaungua, isipokuwa kama unasikia harufu.

Simaanishi kwamba vyuma vya huku havifi. Hewa ya bahari inakula miguu ya ramu, na nimefungua seva za skuli zenye ukungu wa kijani kwenye nafasi za kadi. Dalili ni ile ile niliyoisema, kutokuwa na msimamo, pamoja na neno Machine Check au MCE kwenye mistari. Hapo toa ramu, isafishe kwa spiriti safi ya isopropili, rudisha moja moja, na acha memtest ikeshe. Betri ya CR2032 nayo ikifa, saa inarudi miaka nyuma na mpangilio wa kuwasha unapotea, mtu anadhani diski imekufa. Ni betri ya duka lolote la saa pale Chake.

Mwisho kwa wenye Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe kadhaa ndani ya seva moja. Ukiweka toleo la 9 au la 10 ndani ya mashine pepe ukapata ujumbe ule ule wa glibc ilhali seva yenyewe ni mpya, tazama aina ya CPU uliyoipa hiyo mashine pepe. Kama ni kvm64, umeifichia uwezo wa prosesa iliyo chini yake. Ibadilishe iwe host, izime kabisa halafu iwashe. Kuirestati kutoka ndani hakutoshi.