Kwa nini bomba la majitaka hupita jirani na mtaa bila kuuhudumia?

Je, wajua kuwa bomba kuu la majitaka linaweza kupita mita mia chache tu kutoka mtaani, na wakazi wakaendelea kutumia mashimo ya vyoo kwa miongo kadhaa? Mara nyingi tatizo ni mpaka wa mji, na nani atalipa.

Mji unapopanuka, huchagua ardhi ya kujiongezea, na makazi ya kipato cha chini hurukwa kwa sababu kodi ya majengo yake haifidii gharama za kuyahudumia. Yanabaki chini ya halmashauri ya nje isiyo na bomba, huku mji wenye bomba ukisema hao si watu wake. Hapo hutupiana mpira.

Kuwa ndani ya mpaka nako hakutoshi. Mwaka 1971, katika kesi ya Hawkins dhidi ya mji wa Shaw, jimboni Mississippi, mahakama ya rufaa ya Marekani iliona kuwa asilimia 99 ya wakazi weupe walikuwa kwenye mtandao wa majitaka, ilhali karibu asilimia 20 ya weusi hawakuwemo. Lami na taa za barabarani zilikuwa na ubaguzi huohuo. Mji uliamriwa kuandaa mpango wa kurekebisha hali hiyo.

Gharama yenyewe si ndogo. Majitaka husafiri kwa mteremko: bomba la milimita 200 kwa kawaida hushuka takriban mita 4 kila kilomita. Ardhi ikiwa tambarare, mtaro huzidi kwenda chini hadi ihitajike pampu, na pampu inataka umeme na fundi siku zote. Mapato ya mwaka mmoja hayabebi mzigo huo, kwa hiyo halmashauri huuza hatifungani (hati za kukopa fedha kwa wawekezaji), huomba ruzuku au hukopa kwa riba nafuu. Marekani ina mfuko wa mikopo ya aina hiyo tangu 1987. Marejesho ya mji mmoja hukopeshwa mwingine. Halmashauri mbili pia huweza kuingia mkataba: moja igharimie uchimbaji, nyingine ipokee na kusafisha majitaka.

Kinachosahaulika, na kwa maoni yangu ndicho kinachoua miradi mingi, ni kipande cha mwisho. Fedha za umma kwa kawaida huishia kwenye mpaka wa kiwanja. Bomba la kutoka chooni hadi kwenye chemba, ada ya kuunganishwa na kufukia shimo la zamani ni juu ya mwenye nyumba. Asiye na akiba habaki na la kufanya, wateja wanakuwa wachache, na ankara hazitoshi kulipa deni. Brasília, mji mkuu wa Brazili, walipunguza gharama kwa kulaza mabomba madogo, yasiyo na kina kirefu, uani na kandokando ya barabara.

Na njia za waenda kwa miguu na taa je? Hizo huweza kujengwa katika mradi huohuo kwa kuwa barabara tayari imechimbuliwa. Lami ikitangulia bomba, itavunjwa na kulipiwa mara ya pili.