Kasisi kwenye mlolongo

Nafundisha uhubiri katika chuo cha teolojia hapa Kenya, na hapakosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Mwalimu, tuhubiri Injili au tufanye siasa?" Namrudisha 1986.

Mwaka huo KANU, chama pekee kilichoruhusiwa nchini, iliamua kwamba kwenye mchujo wa wagombea ubunge, wapiga kura wajipange nyuma ya mgombea wao hadharani. Wananchi wakauita mlolongo. Agosti, wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Makanisa, NCCK, wakaukataa. Walikuwa na hoja kadhaa, lakini iliyo nzito kwangu ilitoka kwenye kazi yao ya kila siku: leo nikionekana nyuma ya fulani, muumini aliyesimama nyuma ya mpinzani wake atapokeaje Meza ya Bwana mkononi mwangu Jumapili? Hapo ndipo huwa nawaambia wanafunzi waweke kalamu chini wasikilize. Upinzani ule ulizaliwa ndani ya uchungaji wenyewe.

Baadaye viongozi wa dini walisamehewa kupanga foleni. Wangeweza kunyamaza, shida yao imeisha. Ila mwalimu wa shule na mkulima mwenye deni kwa tajiri wa kijiji walibaki mstarini, wakitazamwa. Mwaka 1988 mlolongo ukatumika, na aliyevuka asilimia 70 ya waliopanga foleni alipita kuwa mbunge bila kupigiwa kura ya siri. Kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa mshindi mchana kweupe.

Askofu David Gitari wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa na makao Embu, ndiye ninayemfundisha zaidi. Hakuwa mtu wa kufoka. Alichukua sura moja ya Biblia akaifafanua aya kwa aya. Mwaka 1987 alihubiri Danieli 6: wakubwa wanamletea mfalme Dario sheria iliyotungwa kumnasa mtu mmoja, Danieli, naye anatia sahihi bila kuuliza. Hakuhitaji kutaja jina la waziri yeyote. Waliokasirika walijitaja wenyewe. Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku, akaokoka kwa kupanda juu ya paa na kupiga kelele majirani waje. Mwaka uliofuata Askofu Alexander Muge wa Eldoret, naye Mwanglikana, alitishwa na waziri kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda. Tarehe 14 Agosti 1990, akirudi, alifia katika ajali ya barabarani.

Siku hizi vitisho ni vichache. Kinachotufunga midomo ni harambee. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, alikataa wanasiasa kupewa mimbari, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likaagiza mchango wa Rais kwa parokia ya Soweto urudishwe. Niliposoma habari ile nilijionea haya. Parokia yangu ya kwanza iliezekwa kwa mabati ya mwanasiasa, na kiwanja cha shule kilipomegwa baadaye, mimi nilihubiri juu ya uvumilivu. Majumapili matatu mfululizo!

Kwa hiyo zoezi langu la mwisho wa muhula ni moja. Andaa mahubiri ya shamba la Nabothi, aliyeuawa ili mfalme alichukue shamba lake, 1 Wafalme 21, kwa kanisa ambalo aliyetoa mabati ameketi kiti cha mbele na mkewe. Wengi huomba waongezewe wiki.