Hakuna Aliyeifuta Fainali ya 1938

Wiki hii nimeulizwa tena. Aliyeuliza ni mtu mzima, mpenzi wa soka hasa, anayevijua vikosi vya zamani kunishinda mimi. "Hivi BBC walikuwa na akili gani hata wakaifuta fainali ya Kombe la FA ya 1938?" Kazi yangu ni kukarabati filamu na kanda za michezo, na swali hili nimelijibu kwa sentensi moja mara nyingi mno. Sentensi moja haisaidii, maana mwezi ukipita linarudi. Leo nalijibu kwa kirefu.

Hawakuifuta. Haikurekodiwa.

Mechi ilikuwa Preston North End na Huddersfield Town, Wembley, tarehe 30 Aprili. Dakika tisini zikaisha bila bao. Muda wa nyongeza nao ukawa unayoyoma, mpaka dakika ya mwisho kabisa George Mutch wa Preston alipoangushwa ndani ya boksi. Akaipiga penalti mwenyewe, mpira ukagonga mtambaa panya, ukazama. Bao moja kwa bila. BBC waliirusha mubashara kwa wale wachache wa London na viunga vyake waliokuwa na televisheni. Mwanga uliingia kwenye kamera, ukageuka umeme, umeme ukafika kwenye mnara wa Alexandra Palace, kituo cha televisheni cha BBC pale London, ukarushwa hewani, ukawa picha sebuleni kwa mtu, na papo hapo picha ikafutwa na picha iliyofuata. Katika njia hiyo yote hapakuwa na chombo hata kimoja cha kuinasa. Mkanda wa video haukuwapo duniani. BBC walikuja kupata njia ya kurekodi televisheni yao mwaka 1947, baada ya vita, wakati Mutch alishavuna umaarufu wake zamani.

Hivyo hivyo kwa mechi ya majaribio ya Arsenal dhidi ya wachezaji wake wa akiba pale Highbury, tarehe 16 Septemba 1937, ambayo ndiyo soka la kwanza BBC kulionyesha mubashara. Hivyo hivyo kwa Uingereza na Uskoti ya tarehe 9 Aprili 1938. Zilionekana, zikaisha.

Hapo ndipo ninapojibiwa: "Mbona mimi nimeiona hiyo penalti?"

Umeiona, sikatai. Ulichokiona ni filamu ya habari, zile zilizokuwa zikionyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya picha kubwa. Hii ni kazi nyingine kabisa, ya watu wengine na kamera nyingine, kwa biashara nyingine. Kuchanganya filamu ya habari na matangazo ya televisheni ndilo kosa linaloniumiza kuliko yote, na wanaolirudia wamo hata watu wanaotengeneza makala za historia ya soka. Niruhusu nikae hapa kidogo.

Mpiga picha wa filamu za habari alikuwa na kamera ya milimita 35 na chombo cha filamu kilichojaa kiasi fulani tu. Futi 400 haziishi hata dakika tano. Futi 1,000, ambalo ni kopo kubwa la kubeba, ni dakika kumi na moja. Mechi ni dakika tisini. Kwa hiyo yule bwana alikuwa anabahatisha: akiona winga amepokea mpira pazuri, anawasha, shambulizi likifa, anazima. Mabao mengi ya miaka ile hatuna kwa sababu mpiga picha alikuwa anabadilisha filamu mpira ulipoingia, au alikuwa anabana filamu iliyobaki asije akaishiwa. Mara nyingine walikosa hata ruhusa ya kuingia. Mwaka 1936 kampuni za filamu zilipogombana na wenye mechi kuhusu haki za fainali, zilipiga picha kutoka angani juu ya Wembley.

Baadaye vipande vilikatwa vikaungwa hadi vikawa hadithi ya dakika chache. Kelele za mashabiki ziliongezwa studio, na sauti ya msimulizi pia, ambaye tayari anajua nani kashinda. Msikilize vizuri: hashangai. Mtangazaji wa mubashara hushangaa. Tazama pia kamera ilipokaa. Filamu ya habari inakupeleka nyuma ya goli, inakuonyesha mfalme, mashabiki wenye kofia, kisha ghafla ni bao, na katikati dakika ishirini zimemezwa. Televisheni ya mwanzo ilikuwa na kamera chache zilizosimikwa jukwaani, zikifuata mpira huku na huko kwa uvumilivu, pamoja na mambo yote ya kuchosha: mpira wa kurusha, golikipa akichota udongo kwenye viatu, mtu akichechemea. Yale ya kuchosha ndiyo tuliyoyapoteza, na ndiyo ninayoyataka, kwa sababu ndiyo yanayokueleza timu ilivyojipanga.

Siku hizi mtu huichukua ile filamu ya dakika mbili, akaimwagia rangi kwa kompyuta, akailainisha mwendo, kisha akaipa jina "matangazo kamili yaliyopatikana". Sasa mtazamaji anaamini matangazo yapo, na kwamba kuna mtu kayafungia kabatini.

Njia ile ya BBC ya kurekodi, ya 1947, ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Unaweka kamera ya filamu mbele ya skrini ya televisheni, unapiga picha skrini. Picha ya Uingereza wakati ule ilikuwa na mistari 405 iliyochorwa kwa mafungu mawili, kwanza ya witiri kisha ya shufwa, na kati ya fungu na fungu kuna upenyo mdogo mno wa wakati. Filamu ilipaswa kusogea ndani ya upenyo huo, na mashine hazikuweza kuivuta kwa kasi hiyo bila kuichana. Suluhisho mojawapo lilikuwa kuliacha fungu moja lipotee wakati filamu inasogea. Yaani nusu ya mistari haikurekodiwa kabisa. Ndiyo maana rekodi nyingi za wakati huo zina ngazi ngazi kwenye mistari ya uwanja, na ndiyo maana hakuna programu itakayokurudishia kilichokuwa kwenye ile nusu. Itakachokupa ni ubunifu wake.

Hata hivyo njia hiyo ilituokolea hazina. Fainali ya Kombe la Ulaya, Real Madrid 7, Eintracht Frankfurt 3, Hampden Park, tarehe 18 Mei 1960, mbele ya watu zaidi ya 127,000: ukiitazama leo unatazama matangazo ya BBC yenyewe, yaliyonaswa kwenye filamu.

Kisha ukaja mkanda wa sumaku, na hapa nakubaliana na wenye hasira, kwa sababu hapa kufuta kulikuwepo kweli. Kampuni ya Ampex ilionyesha mashine yake ya kurekodia mkanda huo Marekani mwaka 1956. Ukanda wake ulikuwa na upana wa inchi mbili, rili nzito ya kubeba kwa mikono miwili, na ilichukua saa moja na dakika chache tu. Ulikuwa wa bei kali, na sifa iliyouuza ni hiyo hiyo iliyotuangamiza: unaweza kurekodi juu yake tena na tena. Mafundi waliuona kama ubao wa darasani. Filamu ilikuwa na maktaba yake na watunzaji wake. Ukanda ulihesabiwa kama kifaa cha mitambo, na kifaa hukaa kazini. Match of the Day, kipindi cha soka cha BBC, ilianza tarehe 22 Agosti 1964, Liverpool 3 Arsenal 2 pale Anfield, na katika miaka iliyofuata mechi nyingi zilizorekodiwa kwa ajili ya kipindi hicho zilifutwa ili ukanda urekodi kitu kingine. Tamthilia ilikuwa na bahati kidogo kwa sababu iliweza kuuzwa ng'ambo kwa nakala za filamu. Nani angenunua mechi ya ligi ambayo matokeo yake yalishatoka magazetini wiki tatu zilizopita? BBC hawakuwa na utaratibu wa kweli wa kuhifadhi kanda mpaka mwaka 1978.

Kwa nini nang'ang'ania tofauti hii, kama mwisho wa yote picha hatuna? Kwa sababu namna kitu kilivyopotea ndiyo inayokuambia pa kukitafuta. Kama kilifutwa, kilishakuwepo, na kilichokuwepo huenda kilinakiliwa: tafuta nakala ya filamu iliyotumwa nchi nyingine, iliyopewa klabu, iliyobebwa na fundi siku ya kustaafu. Kama hakikurekodiwa, acha kutafuta picha ya televisheni. Tafuta makopo ya filamu za habari, hasa vile vipande vilivyokatwa visitumike, na tafuta sauti. Nimeona watu wazuri wakimaliza miaka wakifukuzia ukanda wa mechi ya kabla ya vita, huku masalio ya filamu ya mechi hiyo hiyo yakioza kwenye kopo ambalo hakuna aliyeliulizia.

Mfano mzuri ni fainali ya Kombe la Dunia ya 1954, Bern, tarehe 4 Julai, Ujerumani Magharibi 3 Hungaria 2. Ilionyeshwa mubashara katika nchi kadhaa za Ulaya, lakini matangazo yenyewe hayakuhifadhiwa. Sauti ya mtangazaji wa televisheni ya Ujerumani, Bernhard Ernst, imepotea. Ile sauti maarufu inayopasuka kwa furaha baada ya bao la ushindi la Helmut Rahn ni ya Herbert Zimmermann, na Zimmermann alikuwa anatangaza redioni! Picha za filamu zimebandikwa juu ya sauti ya redio, na vizazi vizima vinakumbuka kuitazama mechi hiyo "kwenye televisheni" kwa namna ambayo hakuna mtu aliyeitazama siku ile. Halafu Wahungaria wana kidonda chao: bao la Ferenc Puskás la kusawazisha, dakika za mwisho, lililokataliwa kwa kuotea baada ya mshika kibendera Mervyn Griffiths kuinua mkono. Picha zilizobaki hazitoshi kuumaliza ubishi huo. Kwangu hiyo ndiyo hasara halisi ya matangazo kutorekodiwa.

Kuhusu Brazil nitakwenda haraka. Mechi ya kuamua bingwa wa Kombe la Dunia pale Maracanã, tarehe 16 Julai 1950, haina "matangazo ya televisheni yaliyopotea", kwa sababu TV Tupi, kituo cha kwanza cha nchi hiyo, kilianza tarehe 18 Septemba mwaka huo huo. Hesabu mwenyewe. Na bao la Pelé dhidi ya Juventus ya São Paulo, uwanja wa Rua Javari, tarehe 2 Agosti 1959, ambalo mwenyewe alilitaja kuwa zuri kuliko yote aliyofunga, halina picha. Lile unaloliona likizunguka mtandaoni lilichorwa kwa kompyuta kutokana na masimulizi ya walioliona.

Sasa niseme yanayonisumbua, maana kazi hii haina uhakika kama vitabu vyake vinavyodai.

La kwanza ni sauti. Nimewahi kubandika sauti ya redio juu ya picha kimya, kwa ombi la mteja, na nikaipanga vizuri kiasi kwamba kiungo hakionekani. Nilifurahia kazi yangu siku hiyo. Leo sina amani nayo. Maelezo niliyoandika mwanzoni yalikatwa na waliokuja baada yangu, na sasa kipande kile kinatembea kama ushahidi. Siku hizi naacha sekunde mbili za kimya kila panapobadilika chanzo. Wateja wananung'unika, wengine wameniacha, na bado sijui kama sekunde mbili zinatosha.

La pili ni tarehe. Filamu za Kodak zina alama ndogo ukingoni, duara, mraba, pembetatu, zinazotaja mwaka filamu ilipotengenezwa kiwandani. Tatizo ni kwamba alama hizo zilijirudia kila baada ya miaka ishirini. Niliwahi kuletewa kopo la milimita 16, nikasoma alama, nikamwambia mzee aliyelileta ni 1938. Filamu ya milimita 35 ingenisaidia, kwa sababu ya wakati huo ilikuwa kwa kawaida ya nitreti, ile inayowaka hata ndani ya maji, na Kodak waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Lakini ya milimita 16 ilitengenezwa kwa plastiki isiyolipuka tangu mwanzo, kwa hiyo haikunionya. Siku kadhaa baadaye, nikiwa nasafisha fremu baada ya fremu, nikaona nyuma ya jukwaa nguzo ndefu za taa za kuchezea usiku. Ilikuwa 1958. Mzee yule alishawaambia wanawe kwamba baba yake yumo kwenye kikosi kile. Kumpigia simu kulikuwa kugumu kuliko ukarabati wote.

Kwa hiyo ukikuta kopo kwa babu au kwenye ghala la klabu, nakuomba usilipitishe kwenye projekta, hata mara moja tu ya kuonja. Filamu ya zamani husinyaa, matundu yake hayaendani tena na meno ya mashine, na itachanika mahali pale pale ulipotaka kuona. Likinuka siki, liweke penye baridi na pakavu, mbali na makopo mengine, maana mvuke wake huharakisha kuoza kwa filamu zilizo jirani. Ikiwa ni milimita 35 na ni ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini au kabla yake, iweke mbali na joto na moto wowote, na uwapigie wataalamu kabla ya kuibeba. Andika yote yaliyoandikwa kwenye kopo, hata yanayoonekana ya kipuuzi, na upige picha ukingo wa filamu mahali penye zile alama. Kisha nitafute. Jambo la kwanza nitakalokuuliza ni kama kuna nguzo za taa.