Sonona kwa vijana: kinga ianzie zahanati, simu ifuate

Hapa Dodoma jina la Mirembe limebebeshwa mzigo usio wake. Hospitali hiyo, iliyoanza mwaka 1927 na ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, imewarejesha watu wengi majumbani na makazini mwao, lakini mitaani jina lake bado hutajwa kumtishia mtoto mtundu au kumkebehi mtu aliyechanganyikiwa. Kijana wa miaka 15 aliyekua akisikia hivyo si rahisi amwambie mzazi wake kwamba wiki ya tatu sasa hapati usingizi, chakula hakimpiti kooni na haoni sababu ya kuamka. Atasema kichwa kinamuuma. Kwa sababu hiyo kinga ya sonona kwa vijana haiwezi kusubiri hospitali ya taifa. Inapaswa kuanzia zahanati, ambako kichwa hicho kinachouma hupelekwa kwanza.

Sonona si huzuni ya kawaida. Aliyefiwa au aliyefeli mtihani huhuzunika, na huzuni hiyo ni haki yake. Tunazungumzia sonona pale huzuni, au kukosa hamu ya mambo ambayo mtu aliyapenda, inapodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikiandamana na dalili kama uchovu, usingizi kuvurugika, kujiona hafai na kushindwa kutuliza akili darasani. Kwa vijana mara nyingi hujitokeza kama hasira za haraka, nasi watu wazima tukaiita kiburi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na sonona ni miongoni mwa yanayowaelemea zaidi.

Katika zahanati moja ya kijijini nilimwona msichana wa kidato cha pili aliyekuja na daftari lake la matibabu, limejaladiwa kwa gazeti. Ndani yake, katika muda wa miezi miwili, maneno yaleyale yalikuwa yameandikwa mara tatu: maumivu ya kichwa, kipimo cha malaria hasi, paracetamol. Siku hiyo muuguzi aliitikia shikamoo yake, akafunga mlango na kumuuliza, “Mwanangu, mara ya mwisho kucheza netiboli ilikuwa lini?” Msichana alinyamaza kwa muda mrefu, akikunja na kukunjua pembe ya daftari. Kisha akasema hachezi tena tangu mtama ulipokauka shambani na baba yake akatamka kwamba ada ya mwaka ujao haitapatikana. Mazungumzo hayo yalichukua takribani dakika kumi. Hayakuhitaji daktari bingwa wala mashine, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kwanza aliyopata tangu aanze kuugua.

Baada ya hapo muuguzi alitumia dodoso la PHQ-9, ambalo lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 10 na kuendelea humaanisha kijana achunguzwe kwa kina. Kwa upande wa kinga, kundi linalostahili kuangaliwa zaidi ni la chini ya hapo, yaani wale wenye alama 5 hadi 9, ambao dalili zimeanza lakini ugonjwa haujakomaa. Hao kwa kawaida huambiwa hawana tatizo na kurudishwa nyumbani, ilhali wao ndio wanaoweza kunufaika na msaada mdogo unaotolewa mapema.

Hapo ndipo simu inapoingia. Nchini Marekani, katika maeneo ya Chicago na Boston, watafiti walijaribu programu ya intaneti iitwayo CATCH-IT kwa vijana 369 waliopatikana kupitia kliniki za huduma ya msingi. Programu hiyo humfundisha kijana kuyatambua mawazo yanayomvuta chini, kurudia shughuli zinazompa nguvu na kurekebisha mahusiano yake. Ilipolinganishwa na elimu ya afya ya kawaida, tofauti haikuonekana kwa vijana wote kwa jumla, ila matokeo yalidokeza kwamba waliokwisha kuwa na dalili za awali huenda walinufaika zaidi. Jambo ninaloliona kuwa la thamani kwetu ni mpangilio wake: kijana hakuachwa peke yake na tovuti, bali mhudumu wa afya alizungumza naye kwanza kuhusu sababu zake mwenyewe za kutaka kubadilika. Zimbabwe nayo, tangu mwaka 2006, kupitia kazi iliyoanzishwa na Dk. Dixon Chibanda pamoja na wanawake wazee 14 wa Mbare mjini Harare, imeonyesha kwamba mtu asiye mtaalamu, akifundishwa vizuri, anaweza kumsaidia mwenzake kutatua tatizo moja baada ya jingine.

Vijijini kwetu, kwa hiyo, zana hizi zipimwe kwa hali halisi. Vijana wengi hawana simu zao; hutumia kitochi cha mama, ambacho kaka naye anakitumia na ambacho huachwa dukani kwa siku nzima kikichajiwa. Ujumbe unaoanza kwa neno “sonona” utasomwa na mtu mwingine kabla ya mhusika, na unaweza kumfungia mlango wa kuomba msaada tena. Ni heri ujumbe wa kawaida, au simu ya sauti kwa Kiswahili chepesi, katika saa ambayo kijana mwenyewe ameichagua akiwa na muuguzi: “Leo umefanya lile jambo moja tulilokubaliana?” Kwa yule msichana jambo hilo lilikuwa kurudi uwanjani Jumatano na Ijumaa, na muuguzi aliliandika kwenye daftari, chini ya paracetamol. Suala la ada alilipeleka kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa kuwa hakuna programu ya simu inayolipa ada.

Swali la tisa la dodoso huuliza kama kijana amewaza kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Wahudumu wengi huliruka kwa kuogopa kumtia wazo hilo kichwani, lakini kuuliza kwa upole hakumsukumi mtu kujidhuru. Humpa nafasi ya kusema. Jibu likiwa ndiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo, kijana asiachwe peke yake, dawa na viuatilifu viondolewe karibu naye, na mtu mzima anayemwamini amsindikize siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya au hospitali. Mtoto, mzazi au mwalimu asiyejua pa kuanzia anaweza kupiga 116, namba ya taifa ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo.