Saini ya JP: soma kwanza karatasi yako ni ya sheria ipi

Miezi ya karibuni meza yetu ya JP (Justice of the Peace, yaani shahidi rasmi wa saini na nakala) hapa Sydney imepokea malalamiko mengi kutoka kwa ndugu wanaozungumza Kiswahili, na mengi yanafanana: karatasi imesainiwa, imetumwa, imerudishwa. Lawama anabebeshwa JP. Mara nyingi tatizo liko kwenye karatasi yenyewe.

JP huteuliwa na Gavana wa jimbo letu la New South Wales kwa kipindi cha miaka 5. Anajitolea, na haruhusiwi kupokea malipo wala zawadi kwa kazi hiyo. Anashuhudia saini yako na kuthibitisha kwamba nakala inafanana na karatasi halisi. Hathibitishi kwamba uliyoyaandika ni kweli.

Mamlaka yake hufuata sheria ambayo karatasi imeandikwa chini yake. Tamko la kisheria, yaani maelezo unayoyasaini ukitamka kwamba ni ya kweli, linalotaja Sheria ya Viapo ya 1900 ni la New South Wales. Linalotaja Sheria ya Matamko ya Kisheria ya 1959 ni la Serikali ya Shirikisho, kwa mambo kama uhamiaji na Centrelink, ofisi ya malipo ya msaada ya serikali. JP wetu hushuhudia yote mawili, ila lete fomu ile uliyoombwa. Fomu ya Victoria au Queensland hufuata sheria za huko, kwa hiyo tutasoma kwanza sehemu ya shahidi kabla hatujashika kalamu. Tusiposaini, tafadhali msitugombeze.

Wiki iliyopita mama mmoja alinipa fomu iliyokwisha kusainiwa. Alisaini ndani ya gari ili asichelewe, wino umeshakauka. Sikuweza kuipokea, ilibidi tuchukue fomu mpya. Usisaini nyumbani! Lazima nikuone ukisaini, niuone uso wako, na niwe nimekufahamu kwa angalau miezi 12 au nione kitambulisho chako. JP asipofuata utaratibu huo kwenye tamko au kiapo cha New South Wales anaweza kutozwa faini ya hadi dola 220. Dada anayevaa nikabu aseme tu, tutakwenda mahali pa faragha. Anayetamka uongo kwa kujua, kwenye fomu ya jimbo kifungo ni hadi miaka 5, na hadi miaka 7 kama alikusudia kujipatia faida ya mali. Kwenye fomu ya Shirikisho ni hadi miaka 4.

Jambo jingine ni muhuri. Najua kwetu karatasi bila muhuri haiheshimiwi, lakini sheria ya hapa haimlazimishi JP kuwa nao. Jina lake na namba yake ya usajili ndivyo vya kuangalia.

Zito zaidi ni karatasi za kupelekwa kwetu Afrika. Mzee mmoja alikuja na hati ya uwakilishi ili mdogo wake auze kiwanja Arusha, akasema JP ni JP popote. Hapana, mzee wangu. Hati ya kutumika nje ya Australia ipeleke kwa mthibitishaji wa umma (notary public). Huyo kwa kawaida ni mwanasheria mzoefu, naye hutoza ada. Kisha hati huenda Wizara ya Mambo ya Nje na Biashara ya Australia. Kwa Burundi na Rwanda, ambazo zimo katika Mkataba wa Hague wa 1961 wa kutambuana hati, wizara huweka cheti cha apostili, yaani cha kuthibitisha saini na muhuri, na hapo ubalozi hauhitajiki. Kwa nchi ambayo haimo, wizara huthibitisha saini na muhuri, halafu hati hupelekwa ubalozi wa nchi hiyo. Wa Kenya uko Canberra.

Kabla ya kulipa chochote, mwambie ndugu yako aende ofisi itakayopokea hati aulize wanataka ithibitishwe na nani, na kwa lugha gani. Mzee yule alimpigia mdogo wake simu palepale mezani, akayaandika majibu nyuma ya bahasha, akaenda nayo kwa mthibitishaji.