Vijidudu vinavyolisha na kulinda mazao: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gramu moja ya udongo wenye rutuba inaweza kubeba bakteria wapatao bilioni moja, na wengi wao hawaujali mmea, wala kwa heri wala kwa shari. Wachache wanaoufaa mmea huchaguliwa maabara, wakazalishwa kwa wingi, kisha wakauzwa katika pakiti au chupa kwa jina la mbolea hai au viuatilifu vya kibayolojia. Kwa kuwa vifungashio hivyo vinafanana na vya mbolea na dawa za kemikali, watu huvipima kwa kipimo kilekile cha kemikali, na hapo ndipo dhana nyingi potofu huzaliwa. Kilichomo ni kiumbe hai au mbegu yake, chenye chakula chake, maadui zake na mazingira yake, na asiyelizingatia hilo huishia ama kukitarajia kupita kiasi au kukidharau bila sababu.

“Ni mambo mapya ambayo bado yanajaribiwa”

Mwaka 1888 wanasayansi wa Ujerumani Hellriegel na Wilfarth walichapisha majaribio yaliyothibitisha kwamba mimea jamii ya mikunde hupata nitrojeni ya hewani kupitia vinundu vya mizizi yake, na mwaka huohuo Beijerinck wa Uholanzi akafanikiwa kuwatenga bakteria wanaoishi ndani ya vinundu hivyo. Bidhaa ya kwanza ya kuchanganya na mbegu iliingia sokoni kabla karne ya 19 haijaisha. Bakteria anayeitwa Bacillus thuringiensis, ambaye leo hupulizwa dhidi ya viwavi, aligunduliwa Japani mwaka 1901 na kuanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1938. Kwa maneno mengine, teknolojia hii ina umri mkubwa kuliko dawa nyingi za kemikali zinazohesabiwa kuwa za jadi.

“Bakteria wa nitrojeni humfaa kila mkulima na kila zao”

Dhana hii ndiyo inayopoteza fedha nyingi zaidi, kwa hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Rizobia, yaani bakteria wa vinundu, wana kimeng'enya cha kuigeuza kuwa amonia, na mmea huwalipa kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Ushirika huo hauko wazi kwa kila mmoja. Kila kundi la rizobia hutambuana na mimea fulani kwa ishara za kikemikali, na ishara zisipolingana kinundu hakifanyiki. Bakteria wa soya hawatoi vinundu kwenye dengu, na wa dengu hawatoi kwenye soya. Mkulima anayenunua pakiti iliyoandikwa “ya mikunde” bila kutaja zao lenyewe ananunua bahati nasibu.

Hata zao likilingana na bakteria wake, matokeo hutegemea kilichomo tayari ardhini. Soya ina asili ya Asia ya Mashariki, na katika udongo ambao haijawahi kupandwa, rizobia wanaoifaa mara nyingi hawapo au ni wachache mno. Hapo pakiti huleta tofauti inayoonekana kwa macho. Nchini Brazili, ambako soya hulimwa kwa eneo kubwa sana, sehemu kubwa ya zao hilo hustawi bila mbolea ya nitrojeni ya viwandani kwa sababu ya bakteria hawa. Maharage ni habari nyingine. Hayachagui sana, hukubali rizobia wa aina nyingi waliokwisha kuzoea udongo husika, na wenyeji hao mara nyingi huwashinda wageni wa kwenye pakiti katika kuwania mizizi hata kama wao wenyewe ni wavivu wa kutengeneza nitrojeni. Ndiyo maana matokeo ya maharage hubadilika sana kutoka shamba moja hadi jingine, na si haki kumlaumu mkulima kila mara kwamba amekosea maelekezo.

Wapo pia wanaoweka mbolea nyingi ya nitrojeni pamoja na rizobia wakitumaini kupata mara mbili. Mmea uliokwisha kupata nitrojeni ya kutosha udongoni hupunguza vinundu, kwa kuwa kuwalisha bakteria ni gharama isiyo na sababu. Kinachohitajika zaidi hapo ni fosforasi, pamoja na kiasi kidogo sana cha molibdenamu, madini ambayo kimeng'enya hicho hakiwezi kufanya kazi bila hayo. Udongo wenye asidi kali nao huwadhoofisha rizobia wengi, na hakuna pakiti itakayoziba nafasi ya chokaa.

Vipi kuhusu mahindi, ngano na mpunga? Nafaka hazitoi vinundu. Bakteria wanaouzwa kwa ajili yake, kama Azospirillum, huishi kandokando na ndani ya mizizi, na sehemu kubwa ya manufaa yao haitokani na nitrojeni bali na homoni wanazotoa, ambazo huifanya mizizi itoe matawi mengi na kufikia maji na virutubisho zaidi. Ni msaada wa kweli, lakini anayeahidi kwamba chupa moja itachukua nafasi ya mbolea yote ya nafaka anauza maneno.

“Mikoriza na bakteria wa fosforasi hutengeneza fosforasi”

Fosforasi ni elementi, na hakuna kiumbe anayeitengeneza. Kuvu za mikoriza huungana na mizizi na kutandaza nyuzi nyembamba sana zinazofika kwenye vitundu vya udongo ambavyo mzizi hauwezi kupenya, zikaleta fosforasi iliyokuwapo tayari. Bakteria wa kundi jingine hutoa asidi zinazoyeyusha fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, iliyonasa kwenye chembe za udongo. Udongo ulioishiwa kabisa hauna cha kuletwa wala cha kuyeyushwa, ilhali udongo uliomwagiwa mbolea nyingi ya fosfeti huufanya mmea uifungie mikoriza mlango. Ikumbukwe pia kwamba mimea ya jamii ya kabichi kwa kawaida haishirikiani na mikoriza, hivyo kuinunulia kuvu hizo ni hasara tupu, hata kama kwenye lebo kuna picha ya kabichi.

“Mdudu hakufa, basi dawa ni bandia”

Dawa nyingi za kemikali hushambulia neva, na mdudu huanguka mbele ya macho. Vijidudu havifanyi hivyo. Bacillus thuringiensis hutengeneza fuwele za protini ambazo kiwavi lazima azile. Ndani ya utumbo wake wenye hali ya alkali fuwele huyeyuka, sumu hujishikiza kwenye kuta za utumbo na kuzitoboa. Kiwavi huacha kula mapema, lakini anaweza kuonekana hai kwa siku kadhaa. Anayehesabu mizoga asubuhi iliyofuata ataona dawa imeshindwa, kumbe uharibifu wa majani umekwisha kusimama. Kuvu ya Metarhizium, inayotumika dhidi ya nzige, hufanya kazi polepole zaidi, kwani mbegu zake lazima ziote juu ya ngozi ya mdudu, ziipenye na kukua ndani ya mwili wake, kazi inayochukua wiki moja au zaidi.

Kwa sababu hiyo, wakati wa kupuliza ni muhimu kuliko wingi wa dawa. Kiwavi mdogo hufa kwa urahisi, na mkubwa aliyekwisha kujichimbia ndani ya shina hafikiwi kabisa. Miale ya jua huharibu mbegu za kuvu na protini za bakteria, hivyo jioni hufaa kuliko mchana. Kila aina ya Bacillus thuringiensis nayo ina walengwa wake: ile ya kurstaki ni ya viwavi, na ile ya israelensis ni ya viluwiluwi vya mbu.

“Mmea ukiugua, mpe vijidudu upone”

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bakteria aitwaye K84, ambaye matumizi yake yaliasisiwa Australia katika miaka ya 1970 na Allen Kerr. Hutumika kuzuia ugonjwa wa uvimbe wa shina kwenye miti ya matunda na mawaridi, na mizizi ya miche hutumbukizwa kwenye mchanganyiko wake kabla ya kupandwa. Miche mizima hulindwa vizuri, lakini uvimbe uliokwisha kuota hauponi, kwa sababu bakteria wa ugonjwa wameshaingiza vinasaba vyao kwenye seli za mmea, na seli hizo huendelea kukua ovyo hata mwenye kosa akiuawa. Trichoderma, kuvu inayozuia kuoza kwa mizizi, nayo hufaa zaidi ikiwahi kukaa kwenye mzizi kabla ya adui. Kuipeleka kwenye mche ulionyauka ni kuchelewa.

“Ni vya asili, kwa hiyo havina madhara yoyote”

Hapa wasifiaji wa vijidudu wamefanya madhara makubwa kuliko wapinzani wake. Ni kweli kwamba bidhaa zilizosajiliwa hupitia vipimo vya usalama, na kwamba sumu ya Bacillus thuringiensis haimdhuru binadamu kwa namna inavyomdhuru kiwavi, kwa kuwa tumbo letu lina asidi na utumbo wetu hauna vipokezi vinavyoikamata. Lakini asili peke yake si kinga. Burkholderia cepacia iliwahi kutazamwa kama mlinzi mzuri wa mizizi, hadi ilipobainika kuwa jamaa zake husababisha maambukizi hatari ya mapafu kwa wagonjwa wenye sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza kamasi nzito mapafuni, na njia yake ya kuwa dawa ya shamba ikafungwa nchini Marekani. Kuna Trichoderma inayoangamiza mashamba ya uyoga. Beauveria, kuvu inayoua wadudu waharibifu, ilijulikana kwanza kama ugonjwa wa viwavi wa hariri. Vumbi la mbegu za kuvu linaweza kuleta mzio, hivyo barakoa na glavu havikwepeki.

Wala wadudu hawashindwi kujenga usugu. Mwaka 1990 watafiti waliripoti kutoka Hawaii kwamba nondo wa kabichi, Plutella xylostella, wamekuwa sugu kwa Bacillus thuringiensis katika mashamba yaliyopulizwa mara kwa mara. Anayerudia dawa moja msimu baada ya msimu anachagua wadudu sugu, iwe dawa hiyo imetoka kiwandani au udongoni.

“Kuvu mbaya ni mbaya, hakuna ya kuifuga”

Aspergillus flavus ndiyo inayotia sumukuvu kwenye mahindi na karanga, na mtu akiambiwa aitawanye shambani kwa makusudi hudhani anataniwa. Hata hivyo, ndani ya spishi hiyo zipo aina ambazo haziwezi kutengeneza sumu hiyo, iitwayo aflatoksini. Aina hizo hupakwa kwenye punje za nafaka zilizouliwa uotaji wake, kisha hutawanywa shambani wiki 2 hadi 3 kabla ya mazao kuchanua, kiasi cha kilo 10 kwa hekta. Zikiwahi, huchukua nafasi na chakula ambavyo ndugu zao wenye sumu wangevichukua. Zao bado litakuwa na kuvu, ila sumu yake itakuwa imepungua sana, mradi likaushwe na kuhifadhiwa vizuri.

“Kadiri vijidudu vinavyokuwa vya aina nyingi, ndivyo vinavyofaa”

Aina 20 kwenye chupa moja hazina maana kama hazikupimwa kuishi pamoja, maana nyingi huuana. Lebo inayofaa hutaja jina la kiumbe, idadi ya walio hai kwa gramu au mililita, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Michanganyiko ya kienyeji inayochachushwa kwa molasi nayo isichukuliwe kwa wepesi: tafiti zimeonyesha kwamba molasi ikiongezwa kwenye chai ya mboji, yaani maji yaliyolowekwa mboji, inaweza kuwazidisha E. coli na Salmonella, bakteria wanaoweza kuleta magonjwa ya tumbo, na mchanganyiko huo haufai kupulizwa kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

“Pakiti haijafunguliwa, bado ni nzima”

Pakiti ya rizobia iliyoachwa kwenye gari lililofungwa juani inaweza kuwa na bakteria wafu kabla haijafika shambani. Ihifadhiwe mahali penye ubaridi na kivuli. Mbegu zipakwe kivulini, zipandwe siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na zifukiwe mara moja. Mbegu zilizokwisha kupakwa dawa ya ukungu zinaweza kuwaua rizobia kabla ya kuota. Maji ya bomba yenye klorini nyingi yaachwe wazi kwanza, na bomba la kupulizia lililobeba dawa ya shaba lisafishwe kabla ya kutiwa Trichoderma. Bacillus huvumilia zaidi, kwani hujifungia ndani ya vijimbegu vigumu vinavyostahimili ukavu na joto.

Anayetaka kujua kama rizobia wamefanya kazi aache mistari michache ya mbegu zisizopakwa, kisha mimea inapoanza kuchanua achimbe kwa uangalifu michache kutoka kila upande. Vinundu vilivyopasuliwa vikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani vinafanya kazi, kwa sababu rangi hiyo ni ya leghemoglobini, protini inayodhibiti oksijeni ili kimeng'enya kisiharibike. Vyeupe bado ni vichanga au ni vya bakteria wasiofaa, na vya kijani vimezeeka. Ikiwa mistari isiyopakwa ina vinundu vyekundu vingi sawa na mingine, udongo huo ulikuwa na rizobia wake, na msimu ujao fedha ya pakiti inaweza kwenda kwenye fosfeti.